Goti la Mama Taaka

Jovia alikuwa amekwisha kukimbia kilomita sita ndipo akagundua kwamba hakumbuki hata moja. Alikumbuka kufunga kamba za viatu mlangoni kwao Masinya, alikumbuka mbwa wa jirani akimbwekea kwa uvivu, halafu hapo alipo, kwenye lami ya barabara ya Tororo, jua limeshatoka na shingo imelowa jasho. Katikati hapakuwa na kitu. Miguu ilikwenda yenyewe, mwenye miguu hakuwepo.

Hali hiyo ilikuwa na wiki tatu sasa. Hakuwa mgonjwa. Alikula akiandaliwa, alilala akifika kitandani, alicheka wenzake wakicheka, ila kicheko chake kilichelewa kidogo. Pale soko la Sofia mjini Busia, anakouza viatu vya mtumba, Jumatano alimuuzia mteja mmoja viatu viwili vyote vya mguu wa kushoto. Mteja aliporudi amefura kwa hasira, Carol, jirani yake wa meza, alicheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akamtazama Jovia, akaona hacheki wala haoni haya, naye akanyamaza.

Watu walisema Jovia ana moyo mgumu. Amekataliwa mchumba mbele ya ukoo mzima na hajadondosha hata chozi! Moyo mgumu wapi? Moyo ulikuwa umekufa ganzi, basi. Yeye mwenyewe alijaribu kuutafuta uchungu wake, maana alijua lazima uwepo mahali, lakini kila alipojipapasa hakuupata.

Kitu kimoja tu hakuacha, nacho ni mbio. Jumapili ya wiki iliyofuata angekimbia mbio ndefu kwa mara ya kwanza maishani mwake, kilomita ishirini na moja, kuanzia mjini Tororo na kulizunguka jabali kubwa la mji huo mpaka kurudi palepale. Leo ilikuwa Jumamosi ya zoezi refu la mwisho, kilomita kumi na nane. Hivyo ndivyo karatasi ilivyosema. Karatasi hiyo iliandikwa na Obbo, na ingawa ukoo ulimkataza Jovia kuonana na Obbo, hakuna aliyekumbuka kumkataza karatasi.

Obbo alikuwa kocha wake kabla hajawa kitu kingine chochote. Mpadhola huyu wa Merikit, mrefu, mpole, mwenye masikio makubwa ambayo Jovia aliyacheka mwanzoni na kuyapenda baadaye, alikimbia miaka mitano kwenye kambi ya wakimbiaji kule Kapchorwa mpaka kifundo cha mguu kikamwangusha. Walikutana uwanjani Busia, siku ya majaribio ya wakimbiaji wapya. Jovia alimaliza wa tano, akawa amejiinamia anatweta, na kijana huyo akamjia na kumuuliza mbele za watu, "Dada, wewe nabeba nini kwa kichwa?"

Watu walicheka. Jovia nusura amzabe kofi. Lakini Obbo hakuwa anatania. Alikuwa ameona kwamba binti huyu anakimbia shingo imekakamaa, kiuno hakichezi, nyayo anazikanyaga bapa kwa tahadhari, na kila akichoka mkono wa kulia unapanda juu kushika kitu kisichokuwepo. Alipoulizwa vizuri, Jovia alisema ukweli. Tangu ana miaka kumi na miwili amekuwa akivusha mizigo mpakani kwa kichwa, sabuni kuja huku, mchele kwenda kule, mpaka alipopata meza yake ya viatu. Mwili ulikuwa umejifunza kutomwaga.

Ilichukua miezi kumi kuufundisha mwili huo kwamba mzigo umekwisha kushushwa. Obbo alimfuata kwa baiskeli kila asubuhi akihimiza mambo yaleyale. Mabega chini. Viwiko vikae karibu na mbavu, mikono ipige nyuma, viganja vilegee kana kwamba umeshika kifaranga. Mguu utue chini yako, usiutupe mbele. Hatua fupi, za haraka. Macho yatangulie, yaache vidole vya miguu vijitegemee. Na juu ya yote alimtaka aongee. Kwake yeye, mtu anayejiandaa kwa mbio ndefu akishindwa kuongea huku anakimbia, basi amezidisha mwendo.

Basi Jovia akaongea. Kwanza alisimulia habari za soko kwa sababu kocha ameamuru, halafu habari za marehemu baba yake, halafu mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Kilomita baada ya kilomita, Obbo kwenye baiskeli anasikiliza kwa yale masikio yake. Msichana gani atatoka salama hapo? Kufika mwezi wa saba walikuwa wamekwisha kuambiana la moyoni.

Shida haikuwa kwao wawili. Shida ilikuwa goti.

Mama yake Jovia, Mama Taaka, mjane mwenye sauti kubwa na shamba la ulezi, alikuwa na goti bovu la kulia la miaka mingi. Obbo alipofika pale nyumbani mwezi wa pili wa mazoezi, kuomba ruhusa kwa heshima binti awe anatoka alfajiri, alimwona mama akinyanyuka kwa kushika mwimo wa mlango. Kambini Kapchorwa alikuwa amejifunza kukanda miguu ya wakimbiaji. Akaomba beseni la maji ya moto na mafuta ya simsim, akapiga magoti, akalishika lile goti. Akarudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine, miezi sita. Mama Taaka akaanza kwenda tena shambani, akaanza tena kupiga magoti kanisani, na Masinya nzima ikasikia kwamba yule mtoto wa Merikit ana mikono. Jovia, akiwa anachambua mboga pembeni, aliwahi kulionea wivu goti la mama yake, jambo ambalo alilicheka mwenyewe.

Sasa, watu wa huku, Wasamia wa kwao Jovia na Wapadhola wote, wanajua jambo moja tangu wakiwa wananyonya. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawashikani hata mkono. Hawali pamoja. Wakikutana njiani, mama anaingia majanini kumpisha. Mkwe akija nyumbani, mama mkwe anajificha ndani, na salamu zinapelekwa na watoto. Kumshika mguu? Kumkanda goti kwa mafuta? Hilo halikuwa na jina hata la kulikatazia, maana nani angelifikiria? Watoto wa ndoa kama hiyo, walisema wazee, hawatakaa, watakufa wachanga.

Obbo na Jovia hawakulizungumza wao kwa wao. Alianza akiwa kocha, akawa tabibu, na mapenzi yalipokuja hayakubisha hodi. Siku Jovia alipomwambia mama kwamba Obbo ataleta wazee, mama aliuvuta mguu wake pole pole chini ya kitenge na tangu hapo hakuuleta tena kukandwa. Alitumaini wengine watasahau.

Baba mdogo Egesa, mdogo wake marehemu baba, hakusahau. Siku wazee wa Merikit walipokuja, wakiongozwa na Oboth, mjomba wake Obbo, mambo yalikwenda vizuri mpaka Egesa alipolitaja goti. Lakini Egesa hakuwa mtu mbaya, na baada ya kunong'onezana na wenzake aliufungua mlango mdogo. Kama kijana alimshika mama kabla hajamtia binti moyoni, alisema, basi alikuwa tabibu tu, na tabibu hana mkwe. Mbuzi dume wa utakaso atachinjwa, yaishe. Kisha akamgeukia Obbo na kumuuliza swali lenyewe. Siku ile ya kwanza ulipomshika mama yetu mguu, ulikuwa umekwisha kumpenda huyu binti?

Ilihitajika hapana moja tu. Hata Oboth alikohoa kumkumbusha. Obbo alimtazama Jovia, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka pamoja na wanawake, akasema, "Ndiyo. Tangu ile siku ya uwanjani."

Alikuwa amemwambia anampenda, ndiyo, lakini hakuwahi kumwambia tangu lini. Jovia alilisikia jambo tamu kuliko yote aliyowahi kuambiwa, na kwa maneno hayohayo akasikia ndoa yake ikivunjika, kwa sababu aliyeshika akijua alichokuwa akikitaka hana mbuzi wa kumwosha. Furaha na pigo viliingia pamoja kwa mlango mmoja, vikakwamana hapo. Wageni wa Merikit waliondoka kabla ya chakula. Jovia aliinuka, akaosha vyombo vyote, na tangu saa ile hakusikia kitu tena.

"Mabega," sauti ilisema nyuma yake, pale barabarani.

Mabega yalishuka kabla hajajua ni nani aliyesema. Kisha akausikia mnyororo wa baiskeli ukikwaruza, sauti aliyoijua kuliko sauti ya redio ya nyumbani, na Obbo akawa ubavuni pake. Alikuwa amekonda. Jovia aliliona hilo wazi kabisa na likampita.

"Wewe nanyamaza," Obbo alisema.

"Nakimbia."

"Mimi naona. Ukinyamaza, punguza."

Akapunguza. Malori yaliyotoka mpakani yaliwapita kwa upepo, na mbele, juu ya mashamba, jabali la Tororo lilionekana lote bila wingu. Jovia akamuuliza nani amemtuma.

"Mama yako. Jana amenipigia simu."

Hapo Jovia alikosea hatua, kidogo tu. Obbo alimweleza bila kumtazama. Goti la mama limevimba tena, na safari hii vibaya. Mama ameomba aje leo saa tano kulikanda, na Mzee Egesa atakuwepo. Wazo lenyewe lilikuwa la Egesa. Kijana aje amshike mama kama zamani, mchana kweupe, mzee wa ukoo akishuhudia, ili maneno ya watu yaishe na kila mtu ajue huyu ni mtoto wa nyumbani, tabibu wa mama, na kitu kingine si kitu.

Jovia hakuhitaji kufafanuliwa zaidi. Obbo akipiga magoti pale leo mbele ya Egesa, atakuwa amekubali kwa mikono yake mwenyewe kwamba hatakuwa mkwe wa nyumba ile maisha yake yote.

"Na Jumatatu mimi nakwenda Kapchorwa," Obbo aliongeza. "Kambi imenichukua. Nitakuwa nakanda wakimbiaji."

"Na mbio za Jumapili?"

"Mbio ni zako. Mimi nimeandika mpaka kilomita ya mwisho. Kumi za kwanza ziende kama matembezi, usidanganywe na watu. Kumi za pili ndiyo kazi. Ile moja, hiyo kimbia na chochote kimebaki."

"Sawa," Jovia alisema.

Obbo alibana breki, akashuka, akaanza kuisukuma baiskeli huku akikimbia kando yake kwa ule mguu wake mbovu. Hakuwa mtu wa hasira. Miezi kumi yote Jovia hakuwahi kumwona akikunja uso, na sasa alikuwa ameukunja.

"Sawa ndiyo nini? Mimi nakwambia nakwenda, wewe nasema sawa. Mimi nakwambia nakuja kushika goti, wewe nasema sawa. Kama hunitaki, sema hivyo. Mimi si mtoto, nitasikia."

"Kwa nini hukusema hapana?"

Ilimtoka tu, kwa sauti kavu, kama anauliza saa. Wote wawili walisimama. Mtu aliyekuwa anachunga ng'ombe upande wa pili wa barabara aliwatazama, akageuza shingo kwa adabu.

"Neno moja, Kocha," Jovia aliendelea kwa sauti ileile. "Mzee alikupa na njia. Mjomba wako akakohoa. Mbuzi angechinjwa, tungekula, sasa hivi ningekuwa kwako Merikit."

"Wewe ulikuwa hapo chini, kwa mkeka," Obbo alisema. "Unanitazama. Nikisema hapana, wazee wanasikia hapana, na wewe pia nasikia hapana. Hiyo hapana ingekaa na sisi ndani ya nyumba mpaka tuzeeke. Mimi sikuweza."

Jovia alimsikiliza. Alijua kwamba hayo ni maneno ambayo mwanamke angetokwa na machozi ya furaha kuyasikia, na alisimama pale barabarani akayangoja yamfanyie kitu. Hayakumfanyia kitu.

"Mimi nimesema yangu mbele ya watu wote," Obbo alisema, sasa kwa upole, na upole ulikuwa mbaya kuliko hasira. "Wewe hujasema. Siku ile ulinyamaza, wiki tatu umenyamaza. Unataka nini, Jovia?"

"Sijui. Nikitafuta ndani sioni kitu. Naona tu nimechoka, na hata kuchoka kwenyewe nakuona kwa mbali."

Obbo aliinua mkono kana kwamba atamgusa shavu, akaurudisha kwenye usukani. "Nikimshika mama leo, imekwisha. Unajua?"

"Najua."

"Basi. Mgonjwa ameniita." Akapanda baiskeli, akaigeuza kuelekea Busia, na baada ya muda yale masikio hayakuonekana tena.

Karatasi ilisema kilomita kumi na nane, kwa hiyo Jovia alikwenda mpaka alama ya tisa, akageuka. Mtu asiyejua angesema anakimbia vizuri. Lakini aliporudi karibu na njia ya kuingia Masinya, mama mmoja aliyekuwa anaanika mihogo kando ya barabara alimwita akicheka na kumuuliza mzigo wake ameuacha wapi. Jovia akashituka. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya kichwa, umeshika hewa. Akaushusha. Baada ya hatua mia ukapanda tena, wenyewe, na safari hii akauacha huko.

Alifika nyumbani kabla ya saa tano. Kila kitu kilikuwa tayari. Mkeka umetandikwa kivulini mwa ukuta wa jiko, beseni lipo, chupa ya simsim ipo, na Mama Taaka amekaa mguu wa kulia ameunyoosha mbele, kitenge kimepandishwa juu ya goti. Goti lilikuwa limejaa na kung'aa. Baba mdogo Egesa alikuwa kwenye kiti, kofia mapajani, ameoga na kuvaa koti la kanisani. Alimwitikia Jovia salamu kwa huruma, akamwambia baada ya leo watu watakosa la kusema, na yeye binti mwenyewe atapumzika.

Mama alimwagiza maji ya moto, Jovia akayaleta. Alipoinama kuyamimina akaliona goti kwa karibu.

"Usinitazame hivyo," mama yake alisema kwa Kisamia, kwa sauti ya chini ambayo hakuwa na desturi nayo. "Wiki tatu sijafika shambani. Magugu yameupita ulezi. Jumapili nilisali nimekaa kama mgeni."

"Linauma sana?"

"Linauma. Na wewe?"

"Mimi siumwi, mama."

Mama Taaka alimtazama kwa muda mrefu, uso wa binti, chumvi ya jasho iliyokaukia kwenye shingo, mikono iliyoshika birika vizuri bila kutetemeka. "Hilo ndilo linaloniogopesha," alisema.

Nje ya ua baiskeli ilikwaruza, ikanyamaza. Egesa akakohoa na kukaa sawa. Obbo aliingia taulo begani, akasalimia kwa heshima zote, na mama akamwitikia kama zamani, karibu Mwalimu, ingawa safari hii hakumtazama. Akanawa mikono. Hakumwangalia Jovia hata mara moja. Akapiga magoti mkekani, akamimina mafuta kiganjani, akayasugua yapate joto, na Jovia, aliyekuwa amechuchumaa upande wa pili na birika lake, akaiona ile mikono ikianza kushuka.

Hakuamua. Baadaye, alipoulizwa, alisema hivyo na ni kweli. Aliona tu viganja vyake mwenyewe viko juu ya goti la mama yake, vimelifunika lote, na mikono ya Obbo imesimama hewani juu yake, mafuta yakidondoka.

"Huyu hawezi kukushika, mama," alisema.

"Jovia," baba mdogo alisema.

"Mkwe hamshiki mama mkwe mguu. Ni nyinyi mliotufundisha."

Egesa aliiweka kofia chini, akamkumbusha kwa subira kwamba mkwe hapa hakuna, jambo hilo lilikwisha, na wazee wa pande zote mbili walisikia.

"Mlimuuliza yeye," Jovia alisema. "Mimi hamkuniuliza. Nilikuwa kwenye mkeka na hakuna aliyeniuliza." Sauti yake ilikuwa bado kavu, lakini sasa ilitikisika mahali, na alipoisikia ikitikisika aliogopa. "Mngeniuliza ningesema ndiyo. Mimi nilikuwa hapa kila Jumamosi, nachambua mboga. Namwona anapiga magoti. Nilijua ninachotaka, na nilijua mwiko kama ninavyoujua sasa. Ningeweza kusema mama, huyu asikushike. Sikusema, kwa sababu goti likipona angeacha kuja na mimi nilitaka aje. Nilikuwa naomba lipone pole pole. Kama ni kosa, baba mdogo, si la mgeni. Ni la mimi na mume wangu."

Neno hilo la mwisho lilipomtoka, kila kitu kilirudi kwa pamoja, bila mpango. Nyayo ziliwaka moto. Mapaja, mgongo, shingo yote ya miaka kumi na mitano ya mizigo, vyote viliuma. Alilia kwa sauti kama mtoto, bila kujificha, mikono ikiwa bado juu ya goti. Obbo aliliita jina lake mara moja tu, chini chini.

Egesa alingoja kilio kipungue. Aliposema alisema kama mtu anayesikitika kwa kweli. Hakuna mbuzi wa kosa la kujua, mwanangu, alisema, tena sasa mmekuwa wawili mliojua. Nani atausafisha mlango huu? Na mama yako je? Akikubali maneno yako, kijana huyu hatalishika tena hilo goti mpaka mama anaingia kaburini. Umelitazama?

Jovia alimtazama mama yake, Egesa naye akamtazama huyo mama, na Obbo, aliyekuwa bado amepiga magoti mafuta yakimkaukia viganjani, aliinamisha kichwa kwa kuwa hakujua tena kama anaruhusiwa kumtazama.

Mama Taaka alilitazama goti lake, akayatazama machozi ya binti yake yakidondoka juu yake, machozi ya kwanza kwa wiki tatu. Kisha akaiondoa mikono ya Jovia, mmoja mmoja, taratibu, akakishusha kitenge mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Alinyanyuka peke yake. Obbo, kwa mazoea, alinyoosha mkono kumsaidia, na mama aliuzunguka mkono huo kwa mbali kana kwamba ni moto. Akaushika ukuta. Kutoka mkekani hadi mlango wa nyumba hapazidi hatua kumi na mbili, lakini alizitembea kwa muda mrefu, uso umejikunja, pumzi akizikata katikati, na wote watatu walimsikiliza bila kusogea. Akauvuka mwimo. Akausukuma mlango nyuma yake mpaka akawa haonekani.

"Mama Taaka," Egesa aliita. "Unakwenda wapi na goti hilo?"

"Shemeji, mpe mgeni kiti," sauti kubwa ilijibu kutoka ndani. "Tangu lini mama mkwe akakaa uani, mkwe wake akija?"